Maganda

Kijijini kwetu, chini ya milima ya Carnia,
maziwa yakichacha, ni cattivo.
Mvua ya mawe ikiyalaza maharage, ni cattivo vilevile.
Jino likioza, mbwa aking'ata,
mtoto akimvuta paka mkia: cattivo.
Na babu yangu Ermenegildo akiingia jikoni
hakuna aliyelitamka neno hilo.
Tuliliona tu likivua buti mlangoni.

Ufunguo wa kabati la mkate aliuvaa shingoni,
pale wengine wanapovaa msalaba.
Alihesabu viazi kabla havijamenywa,
akavihesabu tena sufuriani.
Bibi Onorina alimenya ganda jembamba
kiasi cha kuona mwanga ng'ambo yake,
na bado babu aliyaokota,
akamwekea baba yangu sahanini, mtoto wa miaka sita:
"Kula. Wapo waliouana kwa haya."
Akikataa, mkanda.
Akilia, mkanda na giza la ghalani.

Mwaka nilioanza shule Tolmezzo
mwalimu Zanier alinikabidhi kamusi ya Kilatini
yenye harufu ya panya na sabuni.
Nikalitafuta neno letu
kama mtu atafutaye kaburi la ndugu.
Captivus.
Mateka. Aliyeshikwa. Aliyefungwa.
Basi.
Hakuna ubaya ndani yake, hata chembe.
Ni mtu na kamba tu.

Mwalimu akanieleza yaliyofuata:
mapadri wa kale walimwita mwenye dhambi
mateka wa Ibilisi,
na watu, maana ulimi hupenda njia ya mkato,
wakamwacha Ibilisi njiani,
mbele kidogo wakaitupa kamba,
wakafika nyumbani na ubaya mtupu mkononi,
wasikumbuke waliutoa wapi.
Ng'ambo ya milima, akasema, kwa Wafaransa,
neno hilohilo lilishika njia nyingine:
huko ni mtu dhaifu, aliyekonda, wa kuhurumiwa.
Mateka mmoja, watoto wawili;
huyu akaota meno, yule akatoka mbavu.

Nilishuka kwenye basi nikakimbia thelujini.
Nilidhani nimebeba ufunguo.
Kwani babu alikuwa mateka! Miezi ishirini
nyuma ya seng'enge za Wajerumani,
namba badala ya jina,
akifukua theluji kutafuta maganda.
Kumbe neno lilimjua kabla yetu.
Kumbe miaka yote tulimnong'ona
kwa jina lake la kambini.

Nilimsomea bibi, kwa sauti,
babu akikohoa ghorofani.
Hakuinua macho kwenye kiazi.
"Primo wa kinuni alifungwa naye," alisema,
"kitanda cha chini yake.
Alirudi, akafuga sungura, akashindwa kuwachinja.
Walikufa kwa uzee, wanene kama maaskofu."
Ganda likateremka, refu, bila kukatika.
"Na mimi?
Miaka arobaini na moja mlango huu unafungwa kwa nje.
Kamusi yako inaniita nani?"

Nilifungua ukurasa.
Nikaufunga.

Babu alikufa Februari, ardhi ikiwa ngumu,
wachimbaji wakalazimika kuwasha moto juu yake kwanza.
Bibi aliukata uzi shingoni mwake kwa kisu kilekile,
akafungua kabati,
akakata mkate, akaupaka siagi hadi kwenye kingo,
akala amesimama.
Kisha akamenya viazi vya wageni wa msiba,
maganda manene, ya kifahari, nusu ya kiazi,
akawatupia kuku.

Alikuwa amekwisha kufunga mlango wa banda
aliporudi, akainama katikati yao,
akawanyang'anya mawili.
Akayaosha kwenye karai.
Akayafuta kwa aproni, kama vijiko vya fedha,
akapanda ngazi
akayatia katika mfuko wa koti la maziko,
upande wa kushoto, akaufunga kifungo.

Sikuuliza.